Kwa Hiyo Pesa Si Ungenunua Nduthi?

Nimeulizwa hili swali na shangazi yangu, na kinyozi, na dada wa M-Pesa pale Kalundu, na mlinzi wa benki ambaye hata jina langu hajui. Wiki jana nikaulizwa tena na msee wa rika langu, mwenye simu ya elfu themanini mkononi. Aliizunguka baiskeli yangu mara mbili, akaguza kiti, akafinya tairi, akauliza bei. Nikamwambia. Akacheka hadi akashika ukuta. "Laki na kitu? Ya baiskeli? Kwa hiyo pesa si ungenunua nduthi?"

Sawa. Leo najibu, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii posti nirudi zangu kupiga pedali.

Sitawaambia ati baiskeli ni afya, ati baiskeli ni mazingira. Ni kweli, lakini hayo maneno hayajawahi kumshawishi mtu hata mmoja Kitui. Ninachosema ni kwamba hilo swali lenyewe ndilo linatuuzia takataka. Kijana anayetaka kurudi kwa baiskeli baada ya miaka mingi anaogopa vitu viwili: kuonekana maskini na kuonekana mjinga. Akinunua Black Mamba, ni maskini. Akinunua baiskeli ya laki, ni mjinga. Basi anatafuta ya katikati, ya bei ambayo hatachekwa na sura ambayo itatoka vizuri kwa picha. Na kuna watu wanamjua huyo kijana kuliko mamake anavyomjua. Wamemletea baiskeli yake: springi mbele, springi nyuma, fremu nene ya rangi ya machungwa, stika kila mahali, elfu thelathini na kitu.

Huyo kijana nilikuwa mimi.

Kwetu ni upande wa Museve, Kitui. Kwa kina mama ni Mbooni, Makueni. Nilijifunza baiskeli kwa Black Mamba ya umau, ile ya tairi za inchi 28 na breki za vyuma. Nilikuwa mfupi sana kupita ule mtalimbo wa juu, kwa hivyo nilipenyeza mguu chini yake nikaendesha nimejikunja upande kama kaa. Wengi wenu mlijifunza hivyo hivyo, msijifanye. Nikiwa darasa la nane nilikuwa nashuka kwenda mtoni Nzeeu bila kushika breki, maana breki zenyewe zilikuwa za mapambo tu.

Halafu 2014 nikaenda shule ya bweni. Nikarudi nikakuta vijana wote wako kwa nduthi. Baiskeli ya umau ilikuwa imelala nyuma ya ghala, kuku wanataga hapo. Chuo, attachment, kazi ya kukaa kwa kiti siku nzima. Miaka 9 bila kuguza pedali. Mwaka wa 2023 nikaanza kuona video za wasee wakishuka milima na zile baiskeli za saspensheni mbele na nyuma, nikasema hii kitu nilikuwa nafanya na Black Mamba, nini itanishinda?

Nilinunua mtandaoni, nikalipa elfu thelathini na nne. Muuzaji sitamtaja, hata akiniblock haisaidii, sitamtaja. Ilikuja na gari la usiku ikiwa imefungwa kwa katoni. Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme wa Kitui. Watoto wa jirani walipanga foleni kuibonyeza kiti waone ikidunda.

Na hapo kwa kudunda ndipo ningejua, kama ningekuwa na akili. Ukibonyeza ikadunda mara tatu, mara nne, kama godoro la gesti, hiyo si saspensheni. Hiyo ni springi tu. Saspensheni ya kweli iko na springi, ya chuma au ya hewa, na ndani yake kuna oili inayopita kwa vitundu vidogo ili kuzuia springi isirudi kwa nguvu. Inazama, inarudi polepole, inatulia. Ile yangu ilikuwa springi tupu kama ya kiti cha matatu, na kila nilipokanyaga pedali, nusu ya nguvu yangu ilikuwa inaenda kuibonyeza. Kupanda kutoka Nzeeu kurudi nyumbani nilikuwa naruka juu chini kama mtu aliyepanda ngamia, na sisongi. Nilipofika nyumbani, nilidhani ni mwili umezeeka. Nilijilaumu mimi mwenyewe! Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba baiskeli ilikuwa ya uongo na mimi nikaamini shida ni mapafu yangu.

Wangapi wenu mlirudi kwa baiskeli, mkanunua hizi, mkachoka wiki ya tatu, mkasema "hii mambo ilikuwa ya utotoni"? Haikuwa ya utotoni. Mliuziwa kilo 18 za chuma na springi isiyo na oili.

Desemba 2023 nikaipeleka Mbooni. Mnakumbuka zile mvua za El Niño za mwisho wa huo mwaka. Zilikuwa zimekula vijia vyote, mitaro kila mahali, mawe yametokeza kama meno. Kuna kijia kinachoshuka upande wa kuelekea Tawa, kati ya mashamba ya maembe. Nikashuka. Boliti inayoshika mkono wa nyuma wa fremu (na nilikuja kujua baadaye kwamba haikuwa na beringi yoyote, ni boliti na bushi ya plastiki) ikalegea katikati ya mteremko. Gurudumu la nyuma likaanza kwenda njia yake. Sikumbuki sana. Nakumbuka embe moja limelala karibu na uso wangu, limeiva kabisa, na nikiwaza kwamba nikiinua mkono nitalichukua, halafu mkono ukakataa.

Kifundo cha mkono kilivunjika. Wiki sita za plasta. Mama alilipa na pesa alizokuwa ameweka za mabati ya jikoni. Jikoni bado linavuja upande wa mlango, na kila mvua ikinyesha hakuna mtu anasema kitu, lakini mimi nasikia.

Nikiwa na plasta ndipo nikaona stika ndogo chini ya fremu, herufi kama za dawa ya mende, kwa Kiingereza: isitumike nje ya barabara. Baiskeli ya mlima. Isitumike mlimani. Ndio sasa nawaambia, hata ukizunguka jiwe la Nzambani mara saba, wewe unaweza kubadilika ukawa mwanamke kama wazee wanavyosema, lakini hiyo baiskeli haitabadilika ikawa ya kweli.

Sasa, kuna kundi la pili ambalo nataka kugombana nalo leo, na hawa wanajiona wajuaji. Ni wale wasee wa Nairobi wa Karura na Ngong. Ukiwaambia umerudi kwa baiskeli na unataka ya saspensheni mbele na nyuma, wanakuangalia kama mtoto anayeomba bia. "Anza na hadteli," wanasema, yaani ile yenye saspensheni mbele tu na nyuma ngumu. "Jifunze kwanza. Nyingine utakuja kustahili."

Kustahili? Nani anagawa hizo hati?

Nawapa haki yao pale inapofaa. Hadteli nzuri inashinda mbele-na-nyuma mbaya, kila siku, bila mjadala. Ni nyepesi, ina vitu vichache vya kuharibika, na kwa pesa hiyo hiyo unapata breki na gia bora. Kama safari zako ni lami, kutoka mjini hadi Ithookwe na kurudi, au kwenda kazini, nunua hadteli au hata usiwe na saspensheni kabisa, na pesa inayobaki nunua helmeti. Sitabishana hapo.

Lakini hoja ya kwamba anayerudi ajitese kwanza ndiyo siikubali. Mtu anayerudi si mgeni. Hapo ndipo hatari iko. Mgeni anaogopa, kwa hivyo anaenda polepole. Anayerudi, kichwa chake kinakumbuka spidi ya darasa la nane, na magoti yake yanakumbuka kiti cha ofisi. Anaingia kwa kona akiwa na uamuzi wa mtoto wa miaka 14 na mgongo wa mtu wa 24 ambaye hajainua kitu kizito kuliko laptopu. Anahitaji kusamehewa makosa, na saspensheni ya nyuma ya kweli inasamehe. Gurudumu likigonga jiwe linapanda na kushuka lenyewe, halikurushi wewe. Tairi inabaki chini, na tairi ikiwa chini breki inafanya kazi.

Halafu kuna njia zetu zenyewe. Hao wa Karura wanaendesha kwa kijia kilichofagiliwa. Sisi vijia vyetu vimetengenezwa na mbuzi na punda. Mbuzi hajali kona. Ukipanda kutoka Tawa kwenda Kikima, au ukizunguka chini ya mlima Nzaui, au ukienda vile vilima vya Kilungu karibu na Nunguni, unakuta udongo mwekundu juu, kokoto zinateleza kama maharagwe, na mawe yaliyozikwa nusu. Watu wanadhani saspensheni ya nyuma ni ya kushuka tu. Mimi nimeipenda zaidi kwa kupanda. Ukiwa na nyuma ngumu unapanda mlima wenye mawe, kila jiwe linakuinua kwa kiti, tairi inaruka, inakosa kushika, unashuka unasukuma. Na nyuma inayocheza, unakaa tu, unazungusha, tairi inalamba mawe moja moja. Mimi hupanda nimekaa sehemu ambazo zamani nilisukuma.

Mahali ambapo haisaidii ni mchanga. Wacha niwe mkweli. Ukifika mto uliokauka, Tiva au Thwake, ule mchanga wa kithangathi wenyewe, hata uwe na saspensheni nne utashuka utembee kama sisi wote. Hapo ni upana wa tairi na kupunguza presha tu.

Na tafadhali msiniambie hizi ni mambo za wazungu. Chris Froome alishinda Tour de France mara 4, 2013, 2015, 2016 na 2017, na kabla ya yote hayo alikuwa kijana wa Nairobi anayefuata David Kinjah kwenye vijia vya udongo vya Kikuyu na baiskeli ya mlima. Kinjah bado ni Mkenya, na mambo ya baiskeli tulikuwa nayo kabla ya Instagram. Hata hiyo boda boda mnayoniambia ninunue ilianza ikiwa baiskeli, kule mpaka wa Busia, miaka ya 60. Nduthi ilikuja ikachukua jina.

Sasa, ununue nini?

Mpya kutoka kampuni zinazojulikana, ya saspensheni mbele na nyuma, hapa Kenya ni zaidi ya laki mbili na inapanda. Mimi sina. Wewe pia huna, tusidanganyane. Kwa hivyo uchaguzi ulio mbele yetu ni kati ya mpya ya uongo na mtumba wa kweli. Mimi nasema mtumba, bila kupepesa macho. Zinaletwa zikiwa zimetumika Uingereza na Ulaya, mtu alinunua kwa pesa nyingi, akaendesha msimu mbili, akapata mtoto, ikakaa gereji. Tunavaa mitumba, tunaendesha magari ya mitumba kutoka Japani, lakini kwa baiskeli tunataka ikiwa na harufu ya katoni. Kwa nini?

Yangu ni ya alumini, magurudumu ya inchi 29, saspensheni ya milimita 130 nyuma na 140 mbele. Baiskeli za vijia kwa kawaida zinacheza hapo kati ya 120 na 150. Chini ya hapo ni za mbio, juu ya hapo ni za watu wanaoruka kwa maporomoko, na utakufa ukizipandisha Mbooni. Nilinunua elfu 95. Nikaweka elfu 22 zaidi kwa matengenezo, na hiyo elfu 22 ndiyo watu husahau. Ukiwa na laki moja, usinunue baiskeli ya laki moja. Nunua ya elfu sabini na tano, themanini, kwa sababu saspensheni ya mtumba lazima ifunguliwe.

Niliangalia baiskeli tatu kabla ya hiyo, na nilienda na fundi wangu wa Kitui, mzee ambaye maisha yake yote amerekebisha Black Mamba. Wajuaji walinicheka, ati huyo atajua nini kuhusu saspensheni. Yule mzee alishika baiskeli ya kwanza kwa kiti, akaiinua kidogo sana, kama mtu anayepima uzito wa kuku, akaachia. Tok. Akaniangalia. Akarudia. Tok. "Beringi zimeisha," akasema, akaondoka akaenda kwa nyingine. Muuzaji hakuwa na la kujibu. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo kwenye zile nguzo zinazong'aa za foki, na mzee akapitisha ukucha. Ukucha ukikwama, oili itavuja kila siku na kila kitu kitakachoingia ni vumbi, na sisi vumbi tunalo la kuuza. Ya tatu ilikuwa ya kaboni, nyepesi kama karatasi, nzuri sana, nikaitamani kweli. Tukaiacha. Kaboni ikipasuka ndani huoni, na wewe hujui huyo mzungu alianguka nayo wapi. Alumini ina ufa unaoonekana ukitafuta vizuri kwenye maungio, chini ya pedali na pale mkono wa nyuma unaposhikana. Futa uchafu kwanza. Muuzaji akikataa ufute, umeshapata jibu.

Ya nne tukaijaza hewa shokapu ya nyuma, tukaenda kula muthokoi, tukarudi baada ya masaa mawili. Presha ilikuwa ile ile. Tukaichukua.

Uliza pia mwaka. Hii ni muhimu kuliko jina la kampuni. Baiskeli nyingi za mtumba utakazoona za bei rahisi ni za inchi 26 za kabla ya 2012 hivi. Nyingine zina saspensheni nzuri kabisa, lakini zilichorwa zamani: fupi, foki imesimama wima, na ukishuka mteremko unajihisi uko juu ya usukani unachungulia kaburi. Za kuanzia 2016 kuja mbele zilirefushwa na foki ikalazwa, nyuzi 65 hadi 67 hivi, na hilo peke yake linampa anayerudi utulivu kuliko milimita ishirini za saspensheni. Na hakikisha iko na ile nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kidude kwa usukani. Nilidhani ni mbwembwe. Sasa nikiendesha bila hiyo najihisi nimefungwa.

Kasoro? Ziko, na ni bora uzisikie kwangu. Tairi za inchi 29 hupati Kitui kirahisi. Duka lolote lina 26 na lina 28 ya Black Mamba, na usidanganywe kwamba namba zinakaribiana. Rimu ya Black Mamba ni milimita 635, ya 29 ni 622, haitaingia hata ukiomba. Weka tairi moja ya akiba nyumbani. Habu ya nyuma ya hizi za kisasa ni pana, milimita 148, na za dukani kwetu ni 135, kwa hivyo ukiua habu unapanda gari kwenda Nairobi. Gia nazo, kadiri zinavyokuwa nyingi nyuma ndivyo cheni inavyokuwa nyembamba na ghali. Mimi niko na 10 na sijawahi kulilia 12.

Pampu ya kawaida haijazi shokapu. Presha yake inaweza kupita psi 200, unahitaji ile pampu ndogo ya mkono yenye saa. Nunua siku hiyo hiyo, kwa sababu bila hiyo huwezi kuiweka sawa na uzito wako, na saspensheni isiyowekwa sawa na uzito wako ni kama viatu vya kakako. Ukikaa, ile pete ya mpira kwenye shokapu isukumwe robo hivi ya safari yake, mwisho asilimia 30. Na oili za miguu ya foki, wanaotengeneza hupendekeza kubadilisha kila masaa 50 ya kuendesha. Kwa vumbi la Agosti hapa kwetu mimi siwezi kungoja hata hayo 50. Yule mzee sasa anafanya hiyo kazi. Alijifunza kwa simu yangu, tukiwa tumekaa kwa mtungi, video ikisimama kila dakika mbili. Siku hizi kuna wasee watatu wanamletea foki kutoka Mwingi.

Miiba je? Ah, miiba. Hapa tuna ile ya mgunga, mirefu kama sindano ya ng'ombe, na ile midogo ya mbigili. Toa tyubu. Weka tairi bila tyubu na ile gundi ya maji ndani. Mwiba ukiingia unasikia shhh, unazungusha gurudumu, inaziba. Kwa joto letu inakauka haraka, ongeza kila miezi miwili. Mwezi wa kwanza nilichomoa miiba 11 kwa tairi ya mbele, na sikuwa nimesimama hata mara moja.

Turudi kwa nduthi.

Nduthi mpya ya kazi ni karibu laki mbili sasa. Halafu mafuta kila siku, bima, leseni. Ni mashine ya kazi na naiheshimu, kaka yangu analisha watoto wawili nayo. Lakini mimi sikuwa natafuta kazi. Niko na kazi. Nilikuwa natafuta ile kitu niliacha pale Nzeeu 2014. Hakuna mtu aliyemuuliza yule msee kwa nini simu ya elfu themanini na hiyo pesa angepata ng'ombe. Hakuna anayeuliza watu wa betting, hakuna anayeuliza wa pombe. Baiskeli tu ndiyo lazima ijitetee, kwa sababu kwetu baiskeli ni kitu unachotumia ukiwa huna, ukipata unaacha.

Mtu mmoja tu aliniuliza vizuri, ni umau. Umau alikuwa anabeba mitungi minne ya lita 20 kutoka mtoni kwa ile Black Mamba, anasukuma mlima wote. Nilipompelekea hii akaikagua, akatafuta keria, hakuona.

"Hii inabeba nini?"

"Inanibeba mimi, umau."

Akafikiria. Akasema punda pia hubeba mtu, na maji juu yake.

Sikuwa na jibu na bado sina. Njia ninazoendesha kwa kujifurahisha ndizo watu wanapitia kwenda kutafuta maji, na mara nyingine napishana na watoto na punda wao, nasimama pembeni wapite kwanza, naona haya kidogo. Hiyo haya nimeikubali. Hiyo naweza kuishi nayo. Ile nyingine, ya kuogopa kuchekwa na dada wa M-Pesa, ndiyo ilinipeleka kununua kitu cha elfu thelathini na nne kikanivunja mkono na kikala mabati ya mama.

Kwa hivyo nimejibu. Elfu 95 na 22. Mbele na nyuma. Mtumba. Na mabati nimeanza kuweka pesa, mama, najua unasoma hizi.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mbogi yetu inatoka Kalundu kwenda Nzambani na kurudi, polepole, hakuna anayeachwa. Kama uko na ile ya machungwa ya springi mbili, kuja nayo pia, hakuna atakayekucheka. Mzee atakuwa hapo na spana kukaza ile boliti ya nyuma. Lakini ukifika mteremko, shuka utembee.